Prosesa ya Mama Musoki

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua imeanza saa saba mchana na mpaka sasa haijaacha. Maji yamepita chini ya meza yangu, nikapandisha kompyuta zote za wateja juu ya matofali. Constant, jirani yangu anayetengeneza simu, amenicheka mpaka akakohoa. Meza yake iko juu ya ngazi tatu, ndiyo maana ana nguvu za kucheka.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kazi za wateja. Nimeamua kurasa za mwanzo ni zangu. Nyumbani Shari siwezi kusema neno bila Mama kuliingiza kwenye maombi, na hapa kazini Mudzipela siwezi kusema neno bila Constant kulitembeza barabara nzima. Acha niandike.

Jumanne, 10 Septemba

Gracieuse ameleta kompyuta yake, ameikumbatia njia nzima juu ya pikipiki ya taxi-moto kutoka mtaa wa Nyakasanza. Mimi na yeye tulikimbia vita vya Djugu wiki moja, kutoka kilima kimoja. Mimi nilitoka na mama yangu, yeye alitoka na mashine ya kuandikia ya baba yake. Sasa ana kibanda cha secrétariat: anachapa barua za watu, anatoa fotokopi, anapiga picha za karatasi. Shule tatu zimemwambia zitampa achape bulletin zote za alama za wanafunzi za kipindi cha kwanza, ila kabla ya tarehe kumi na tano Novemba awaonyeshe kwamba mashine yake inaweza.

“Charlo, nikifungua bitu bibili, mashine inalala,” akasema. “Nikiacha hii kazi ipite, haitarudia.”

Nikaifungua mbele yake, nikapuliza vumbi, nikatoa feni. Napenda sana saa hiyo ya kumfundisha mtu. Nikamwambia: hii carte mère, bao kubwa linalobeba kila kitu. Hapa katikati ni prosesa, ndiyo inayofikiri. Na hapa ilipolala ni soketi, yaani kiti chake. Kila kiti kina namba, na prosesa ya namba nyingine haikai humo hata uisukume kwa nyundo. Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye maandishi: LGA 1151. Akasoma kwa Kifaransa, onze cinquante-et-un, akafurahi kama aliyepata cheti.

Kwenye kibao changu cha barabarani nimeandika: SOMA KWANZA, NUNUA BAADAYE. Constant ananiita Madame Étiquette, Bibi Lebo. Anadhani ni utani, mimi nimelichukua kama sifa.

Prosesa aliyo nayo ni ndogo, Celeron. Anahitaji i5, yenye nguvu zaidi, ya kiti hicho hicho. Hapa Bunia sijaiona madukani. Itabidi itoke Kampala, na Kampala maana yake ni Mama Musoki.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama Musoki amepita na daftari lake. Ni mama wa Butembo, mji mwingine huko kusini, mfupi, mwenye sauti ya kwaya. Amekaa Bunia miaka saba, na kila mwezi anakwenda Kampala kwa barabara ya Mahagi. Anabeba mahitaji ya barabara nzima: vioo vya simu, nywele za bandia, breki za pikipiki, maziwa ya watoto. Tunampa pesa, na hakuna aliyewahi kumsainisha karatasi. Hajui kusoma, lakini ananakili maandishi yako jinsi unavyochora ua, herufi kwa herufi, halafu pembeni anachora alama ya mwenyewe. Constant ni simu. Mimi ni bisibisi.

Nikamwandikia kwenye karatasi: i5, LGA 1151.

“Ni hii tu?” akaniuliza. “Hakuna kitu ingine ya kuongeza? Bale ba Kampala banaulizaka maulizo mingi.”

“Ni hii tu, Mama. Ukiona ile namba, ununue.”

“Na bakiniuliza?”

“Uwaonyeshe namba. Namba inatosha.”

Nilikuwa na mteja anayesubiri. Hata sikuinua kichwa vizuri.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Umeme hakuna. Nimesafisha keyboard nne kwa mswaki.

Jumamosi, 21 Septemba

Simu ya Uganda imeniita mara mbili nikiwa na chuma cha solda mkononi. Nilipoirudisha, haikupatikana. Gracieuse anatuma ujumbe asubuhi na jioni: “Bado?” Nimemjibu kwamba akiuliza tena nitaongeza siku moja.

Jumatatu, 30 Septemba

Wanasema malori yamekwama kwenye tope mbele ya Mahagi, siku ya tano. Mama Musoki yuko huko. Nyumbani Mama ameomba kwa ajili ya wasafiri wote, kisha akaongeza “na kwa ile kitu ya mashine ya Gracieuse.” Sijui nani alimwambia. Ni mimi, bila shaka.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mama Musoki amefika saa nne asubuhi, tope mpaka magotini. Prosesa ilikuwa katika mifuko mitatu ya plastiki, na mifuko ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa wazi na kimelowa.

“Angalia kama ni ile namba,” akasema.

Nikasoma kwenye boksi: i5-8400, LGA 1151. Nikamwambia ni yenyewe, akaenda kulala.

Nikamwita Gracieuse, akaja mbio. Nikatoa Celeron, nikaweka ile mpya. Imekaa kwenye kiti bila kulazimishwa, pembe na pembe, mkono wa chuma ukashuka vizuri. Nikapaka dawa ya kupoza, nikafunga feni, nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, ila kioo kikabaki cheusi.

Nikazima. Nikatoa vibao vya kumbukumbu, nikavisugua kwa kifutio, nikavirudisha. Kioo cheusi. Nikatoa betri ndogo ya carte mère, nikasubiri dakika kumi, nikairudisha. Kioo cheusi. Nikakagua sindano za kiti moja moja kwa kioo cha kukuzia, hakuna iliyopinda. Nikarudisha Celeron: mashine ikaamka papo hapo. Nikajaribu ile mpya kwenye mashine yangu mwenyewe ya karakana, ambayo ina kiti kile kile. Cheusi. Nikarudisha prosesa yangu: ikaamka.

Kwa hiyo mabao mawili yameikataa, na kila bao linafanya kazi na prosesa yake. Mtu mwenye akili atasema nini? Prosesa imekufa. Imeuzwa ikiwa imekufa, au imebadilishwa njiani.

Gracieuse hakulia. Alikaa tu kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya magoti. Ningependa angelia. Mimi nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeshasema. Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Mvua ilikuwa imewabana watu wote chini ya baraza la Constant, watu kumi na mmoja wamesimama bega kwa bega. Mama Musoki akapita mbio akajikinga pale pale. Ningeweza kumngojea. Ningeweza kumvuta kando. Nilisimama mlangoni kwangu nikasema kwa sauti:

“Mama Musoki, ile kitu uliniletea ni maiti!”

“Maiti namna gani, Charlotte?”

“Haiwaki. Ya zamani inawaka, ya kwako haiwaki. Nimejaribu mu mashine mbili. Ao ulinunua bya kutupa, ao ulibadilisha njiani!”

Mama Musoki akanitazama kama mtu anayetafuta neno lililoanguka chini.

“Mutu wa duka aliniuliza carte mère yenu ni ya génération gani. Minamuonyesha karatasi yako, anasema haitoshe. Nikakuita mara mbili ku simu. Haukushika.”

“Namba ni namba, Mama! Usiniletee hadisi.”

Hapo sauti ya mtu ikatoka nyuma, sijui ya nani: “Bale ba Butembo, unatazamia nini?” Wawili watatu wakacheka. Nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa, na sikusema kitu, kwa sababu lile neno lilikuwa linanisaidia.

“Miaka saba minabeba bitu bya batu,” Mama Musoki akasema, polepole. Kisha akatoka akaenda kwenye mvua, na mvua haikuwa imepungua hata kidogo.

Nyumbani nikamsimulia Mama. Ameliingiza kwenye maombi.

Jumanne, 8 Oktoba

Constant amedai arudishiwe karatasi yake ya vioo vya simu. Ameniambia kama habari njema, kwamba ameniunga mkono. Nikamwambia asante.

Jumanne, 15 Oktoba

Dorcas, anayeuza mikate ya mafuta pale pembeni, amefuta mahitaji yake pia. Halafu Eugène wa vyuma. Halafu Orly, motard wa kwetu Shari, dereva wa pikipiki, aliyekuwa amemtuma breki. Mama Musoki amepita leo bila daftari. Mkono uliokuwa ukilishika ameuficha ndani ya kitenge.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jua, mara ya kwanza wiki hii. Nimeanika mashine na sketi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nataka kuandika hili kwa utaratibu, ili baadaye nisije nikajidanganya.

Asubuhi amekuja préfet Étienne, mkuu wa shule ya upande wa juu, na mashine inayojizima. Shule yake ni moja ya zile tatu za Gracieuse. Nikafungua: vumbi la mwaka mzima, feni imekwama. Kazi ya nusu saa. Nilipotoa feni nikaona kiti: LGA 1151. Nikakumbuka ile maiti kwenye droo yangu, na sijui kwa nini nikamwomba aniruhusu kuijaribu dakika tano.

“Jaribu,” akasema, mwavuli katikati ya magoti. “Lakini usiniharibie ya serikali.”

Nikaiweka. Nikawasha. Kioo kikawaka, na juu yake jina lake lote: i5-8400.

Préfet akapiga makofi. “Ehe! Sasa hii ndiyo mashine!” Mimi nilikaa chini.

Nikatoa prosesa kutoka mashine yangu, ile inayofanya kazi kila siku, nikaiweka kwenye bao la préfet. Cheusi. Basi nikayaweka mabao mawili kando kwa kando, langu na lake, nikaanza kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiti ni kimoja. Namba ni moja, haidanganyi. Lakini mbali kidogo na kiti, kwa herufi kubwa kuliko za kiti chenyewe, bao langu linasema H110 na la préfet linasema H310. Nikatafuta kwenye simu. Bao la H110 linapokea prosesa za génération, yaani kizazi, ya sita na ya saba. Bao la H310 linapokea ya nane na ya tisa. Kiti ni kile kile, prosesa inaingia bila shida, lakini haviwezi kuelewana. Na kwenye jina i5-8400, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja génération. Nane. Nimelijua hilo miaka mingi.

Bao la Gracieuse ni H110 vilevile. Naliona hata sasa nikifumba macho. Nilipuliza vumbi juu ya herufi hizo kwa mdomo wangu siku ile ya kwanza, nikamwonyesha soketi, nikaacha hapo.

Prosesa ya Mama Musoki ni nzima. Ilikuwa nzima tangu Kampala, nzima kwenye tope, nzima ndani ya kitambaa chake. Muuzaji aliuliza swali lililo sawa. Yeye alilibeba swali hilo mpaka kwenye simu, na mimi sikushika.

Préfet akauliza kama naumwa. Nikasema ni vumbi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sijasema.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sijasema. Nimefuta kibao cha barabarani kwa kitambaa chenye maji, nikasema rangi imechakaa. Constant akauliza nitaandika nini badala yake.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimemkuta Mama Musoki sokoni Mudzipela. Amekaa chini, mbele yake mafungu ya vitunguu. Mwezi mzima hajaenda Kampala, maana nani atampa kitu cha kubeba? Nilitaka kugeuka, akawa ameshaniona.

“Bonjour, Charlotte. Mama iko muzima?”

“Iko muzima.”

“Na Gracieuse? Alishapata?”

“Bado.”

“Ah, pole yake. Minafikiriaka ile kazi yake.”

Hakukuwa na kijembe ndani. Nimetafuta njia nzima mpaka nyumbani, sikukiona. Kumbe angenitukana ningelala vizuri.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimejiuliza ninaogopa nini. Jibu si zuri, lakini ni hili: kazi yangu yote ni kusoma. Wanawake wanaotengeneza mashine Bunia wanahesabika kwa vidole, na kila anayeingia ananipima kwanza kwa macho kabla ya kutoa mashine kwenye mfuko. Nimefanya kazi miaka tisa ili waamini kwamba Charlotte haruki mstari. Nikisema niliruka, Constant atakuwa na utani wa kumtosha mpaka uzee wake.

Upande mwingine wa mzani kuna mama mmoja na mafungu ya vitunguu. Nimeandika hivyo, nimeona aibu, lakini sifuti.

Ijumaa, 8 Novemba

Nilidhani nimepata njia ya kupita pembeni. Zimebaki siku saba kwa Gracieuse. Asubuhi nikatoa i5 kutoka mashine yangu mwenyewe, ya génération ya sita, nikaenda Nyakasanza, nikaiweka kwake. Ikawaka. Akafungua bulletin, picha, hesabu za alama, madirisha sita kwa pamoja, na mashine haikulala. Mimi nimebaki na Celeron yake kwenye karakana, itakuwa inanisubirisha kama ofisi ya serikali. Nikaona ni adhabu inayotosha. Nikaona nimemaliza.

Gracieuse alinikumbatia, akaruka, akanikumbatia tena.

“Umepata wapi?”

“Nimepata tu.”

“Umeona sasa? Kumbe nzuri ziko! Ule mama alituletea ya kufa sababu sisi ni bakimbizi, anajua hatuna mutu wa kututetea. Minaambia kila mutu anayeingia hapa. Bale batu biko hivyo, bote.”

Alisema “bote” huku akitabasamu, amefurahi, mkono wake ukiwa bado begani kwangu.

Nikakumbuka Djugu. Kabla ya moto na kabla ya kukimbia, kulikuwa na siku nyingi za maneno tu. Mtu mmoja anasema “bale,” mwingine anaongeza, wa tatu anacheka, na wanaojua ukweli wanatazama pembeni kwa sababu wana kazi zao. Gracieuse alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Sasa neno lile lile liko kinywani mwake, na mimi ndiye niliyelitia.

Nilimwambia hapo hapo. Nilimwambia yote, H110, H310, simu mbili. Akaondoa mkono wake begani. Akaniuliza:

“Umejua tangu lini?”

“Wiki mbili.”

“Wiki mbili unaacha minamutukana?”

Akaniambia niende, na aliposema niende hakuniita Charlo.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimemwomba Constant anifanyie kazi anayoipenda kuliko zote: aite watu. Hakuuliza kwa nini. Saa tisa, mvua ikiwa imeanza, baraza lake likawa limejaa. Mimi nilikwenda sokoni kumchukua Mama Musoki. Alikataa kwanza. Nikamwambia ni dakika tano na kwamba nitamsaidia kubeba vitunguu, ndipo akasimama.

Nilipanda ngazi zile tatu, prosesa mkononi. Nikasema:

“Munaijua hii. Nilisema mbele yenu ni maiti, na Mama Musoki ni mwizi. Processeur iko nzima. Imewaka mu mashine ya préfet kwa macho yangu. Iko ya génération ya nane, na mashine ya Gracieuse inaomba ya sita ao ya saba. Kwenye karatasi niliandika namba ya kiti tu. Sikuandika ya carte mère, na ilikuwa imeandikwa mbele yangu. Mutu wa duka aliuliza, Mama akaniita, mi sikushika. Kosa ni yangu yote. Na ile neno mulisema juu ya batu ba Butembo, nilisikia nikaacha, sababu ilinisaidia. Mama Musoki, pardon.”

Halafu Constant, ambaye nilikuwa nimejiandaa kwa utani wake, akashuka ngazi moja, akatazama viatu vyake, akasema, “Mi ndio nilisema ile neno.” Sikujua. Mwezi mzima nimekaa naye meza kwa meza, na sikujua.

Mama Musoki hakulia, wala hakunikumbatia. Alikuwa anawatazama watu mmoja mmoja, midomo ikicheza. Nilidhani anaomba. Kumbe anahesabu.

“Siku ile mulikuwa batu onze,” akasema. “Leo minaona huit. Banabakia trois.”

“Hao watatu ni nani?”

“Dorcas alienda kwa dada yake Nyakasanza. Eugène wa byuma. Na ule motard, Orly.” Kila mmoja alimtaja bila kufikiri. Amewabeba watu wale kichwani mwezi mzima kama alivyobeba mahitaji yao. “Ulinipeleka mbele yabo weye mwenyewe. Utanirudisha weye mwenyewe.”

“Kesho?”

“Sasa. Mvua ni mvua.”

Tukaenda, mimi na ndoo ya vitunguu kichwani. Eugène alisikiliza mpaka mwisho huku anapima misumari, akamwomba msamaha, na kuniambia nimejitia aibu kubwa. Nikasema ndiyo. Dorcas alituketisha, akatukaangia mikate, akalia zaidi ya sisi wote wawili. Tulipotoka Nyakasanza tulikuwa tumelowa mpaka ndani, na hakuna aliyekuwa na haja ya kukwepa madimbwi tena.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele siku ile. Akasema: “Nikipiga kelele, banasema muko munaona, mwizi anapiga kelele. Nikinyamaza, banasema muko munaona, anajijua. Nikachagua yenye haichokeshi koo.” Nikacheka, kisha nikaona haya kwamba nimecheka, naye akanisukuma kwa bega.

Orly hakuwepo. Amekwenda safari, anarudi kesho.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa tulimkuta Orly anaosha pikipiki. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema breki zake bado hazijapatikana na kwamba kama Mama anaenda wiki ijayo, basi amwandike. Mama Musoki akatoa daftari kwenye kitenge. Sikujua kama amekuja nalo. Akachora gurudumu.

“Bimeisha,” akaniambia. “Batu onze.”

“Kuko mwingine, wa douze,” nikasema. “Haukumuhesabu. Ni mama yangu.”

Akanitazama, akafunga daftari. Tukaenda kwetu, nyumba ya nne kutoka kwa Orly.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anasoma Biblia, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, kioo cha kulia kimepasuka katikati. Alipomwona nani yuko nyuma yangu, alifunga kitabu juu ya kidole chake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Mama hakunikatiza. Nilipomaliza hakunitazama mimi, alimtazama mgeni.

“Wiki tano nimeita jina yako mbele ya Mungu,” akamwambia. “Kila asubuhi. Na bamama ba groupe yetu ya maombi biko banaitika.”

“Ah,” Mama Musoki akasema. “Ndiyo maana vitunguu vilikuwa vinaoza.”

Mama akashtuka, kisha kicheko kikamtoka bila ruhusa, na mkono ukaenda mdomoni. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Djugu. Akainuka, akampa Mama Musoki kile kiti chake na yeye akakaa kwenye kizingiti.

Wakaongea habari za barabara. Baadaye Mama akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, ikiwa Kampala kuna watu wa kutengeneza vioo vya macho.

“Biko. Lakini banataka ile ya zamani, bapime nguvu yake. Ao uniandikie namba yake.”

“Apana. Namba siijui.” Mama akavua miwani, akaukunja uzi taratibu, akaviweka vyote katika kiganja cha Mama Musoki. “Beba yenyewe.”

“Mama, mi nitaenda wiki mbili. Na hii mvua, pengine tatu. Utaona na nini?”

“Sitaona.”

“Na ikipotea njiani?”

“Utaniambia imepotea,” Mama akasema.

Mama Musoki akaipangusa miwani ile kwa kitenge. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa chake, akaifunga ndani, akakiweka kifuani. Siku zote hizi, sokoni, barazani, kwenye mvua ya kila siku, hakuwa amelia. Alilia pale, kwenye kiti cha mama yangu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi, Mama alikuwa anatafuta mlango wa nyumba yetu kwa kupapasa ukuta, na alikataa nimshike mkono.